Mwaka Tekla Alipotuletea Warumi

Tekla alipobisha hodi wiki iliyopita nilimjua kwa sauti kabla sijamwona, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kunyoosha mkono na kurudishia mlango wa chumba cha ndani. Nimo ndani ya eda. Mume wangu Athumani amefariki, nakaa ukumbini juu ya mkeka tangu asubuhi hadi jioni, sitoki, na kila anayekuja kunipa pole anaingia na kunikuta palepale nilipo. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu juu ya msiba, maana nimezoea kuwaona watu wakiwa bado mbali: kwanza wamebeba nini, kisha macho yao yanatazama wapi, ndipo niamue nitawakaribisha kwa sauti ipi. Kwa Tekla sikupata nafasi hiyo. Aliingia na fimbo yake, kanga mbili mabegani, mvi zimemjaa kichwa kizima, akavua viatu, akakaa mkekani bila kuambiwa, akanishika mikono yote miwili. "Pole, Zuhura. Pole sana mwenzangu." Miaka karibu arobaini ilikuwa imepita tangu aondoke katika nyumba hii hii, na mimi badala ya kulia nilikuwa najiuliza amepata habari kwa nani, na amefuata nini.

Niseme mapema, msije mkaniona nimebadilika njiani: mimi ni mtu wa kushuku. Wanangu wananicheka kwamba nikiletewa zawadi naigeuza kwanza chini juu. Sioni aibu, kwa sababu hata hawa matapeli wa simu wanaowaliza wastaafu wenzangu hawajawahi kunipata. Lakini ulikuwepo mwaka mmoja, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, ambao kushuku kwangu kulifanya kazi ambayo sijaweza kuitengua mpaka leo. Mwaka huo ndio niliojifunzia kwamba mtu anaweza kuona kila kitu kwa macho yake mwenyewe, asidanganywe na yeyote, na bado akakosea.

Nilifika Kilwa Kivinje kutoka kwetu Kiswere nikiwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba, mwalimu mpya wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Nyumba za walimu hazikutosha, kwa hiyo mkuu wa shule akanipeleka kwa Bi Hawa, mjane asiye na mtoto, mwenye nyumba kubwa ya mawe upande wa baharini. Ni hii hii ninamoandikia. Wakati ule ukuta wa nyuma ulikuwa tayari umeanza kumeguka na mizizi ya mti wa mvumo ilikuwa imeingia kwenye chokaa, lakini mlango wa mbele ulikuwa na nakshi zake zote, na Bi Hawa alikuwa akiupaka mafuta kila Alhamisi kwa kitambaa, polepole, kama anayemsugua mtoto. Watu wa mji walimpita kwa heshima. "Hao ndio Washirazi wenyewe," waliniambia siku ya kwanza sokoni, "mababu zao walikuja na majahazi yao, walikuta huku kuna nyani tu." Chumba nilichopewa kilikuwa cha kuelekea uani, na ndani yake kulikuwa tayari na mtu.

Huyo mtu ndiye Tekla, mwalimu wa historia, msichana wa Kimwera kutoka Nyangamara, Mkatoliki. Alikuwa amenitangulia kwa wiki mbili na alikuwa ameshachukua upande wenye dirisha. Alinipokea kwa furaha ambayo niliona imezidi kiasi. Alinisaidia kufungua kamba za godoro, akanionyesha ndoo ipi ni ya kunywa na ipi ya kuogea, akanipa nusu ya sabuni yake. Nikajiuliza: mtu hanijui, kwa nini ananipa sabuni? Ndani ya kifuniko cha sanduku lake alikuwa amebandika picha ya Bikira Maria, na akitaka kusali analifungua sanduku, anapiga magoti, kisha analifunga. Mimi nilikuwa nimelelewa kwenye chuo cha Kurani, kwa Maalim, na sikuwahi kulala chumba kimoja na mtu wa dini ile. Nilimwambia sina neno. Kisha nikalala nikiwa nimelielekezea uso sanduku lake.

Bi Hawa alikuwa na sheria moja tu: chakula cha mchana tunakula naye, sinia moja, kwenye ukumbi huu. Siku ya kwanza Tekla alijitengea sahani pembeni, kwa adabu, akidhani ndivyo itakavyopendeza. Bi Hawa akaitazama ile sahani, akaichukua, akaumwaga wali wake wote juu ya sinia. "Mwanangu, unaogopa mkono wangu au unaogopa wako?" Tukacheka. Tulikula wali wa nazi na mbaazi, samaki akipatikana, pweza akipatikana zaidi, na Jumamosi kisamvu alichotwanga Tekla kwa namna ya kwao, ambacho Bi Hawa alikila kimyakimya mpaka akasafisha sinia kwa kidole. Niliona hilo. Niliona pia kwamba hakuuliza kimepikwaje, kama mtu anayekijua kitambo.

Katika milo hiyo ndiyo Warumi walituingilia. Tekla alikuwa amekuja na kitabu kinene kilichochakaa alichokiazima kwenye maktaba ya misheni, na ingawa muhtasari wa shule uliwagusa Warumi kwa mistari michache, yeye aliwageuza somo la muhula. Alichofundisha asubuhi alitusimulia mchana, mkono mmoja ukiwa na tonge. Bi Hawa alikuwa wa kwanza kumkatiza. "Hao Warumi nawajua. Wamo kwenye msahafu, sura nzima ina jina lao. Lakini hao walikuwa upande wa Istanbul, hawakuwa huko Ulaya kwa Baba Mtakatifu wenu." Nikajiandaa kwa ugomvi. Tekla akaweka tonge chini. "Ndio hao hao, Bibi. Ndiyo maana nawapenda. Walianza kijiji cha vibanda juu ya kilima, wakaja wakawa mji, mji ukawa dola, dola ikahamia kule Istanbul, wakaacha hata lugha yao ya mwanzo wakasema Kigiriki. Majirani zao waliwaita Wagiriki. Wenyewe ukiwauliza, wanakujibu: sisi Warumi. Miaka elfu nyingine nzima wanajibu hivyo." Bi Hawa akatafuna, akafikiri. "Sasa nani alikuwa mkweli? Majirani au wenyewe?" Tekla akasema hilo ndilo swali alilowapa wanafunzi wa kidato cha tatu, na hakuna hata mmoja aliyelijibu.

Siku nyingine alitueleza walivyoanza. Wenyewe walipenda kusema kwamba babu yao alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme aliyekimbia mji wake ulioteketezwa akiwa na baba yake mzee mgongoni, akavuka bahari. Lakini walikuwa na hadithi ya pili, na hiyo nayo hawakuificha: kwamba mji ulipojengwa haukuwa na watu, ikatangazwa kwamba yeyote aje, aliyefukuzwa kwao, aliyetoroka kwa bwana wake, mwenye deni, mwenye kesi, wote wakaribishwe wala wasiulizwe. Wake nao hawakuwa nao, wakawateka mabinti wa majirani. "Yaani babu mfalme, bibi mateka," akasema Tekla, "na vyote viwili wanavisimulia kwenye karamu." Niliangalia upande wa Bi Hawa kwa sababu kila mtoto wa Kilwa anajua hadithi ya mwana wa mfalme kutoka Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia. Nilidhani atakasirika. Bi Hawa akasema taratibu, "Kila mkubwa babu yake alivuka bahari. Haya, hakuna aliyekuja kwa miguu?" Halafu akacheka peke yake, kicheko kifupi, akatuamuru tumalize wali.

Nadhani ni hapo nilipoanza kuwachunga kweli. Mjini tayari maneno yalikuwa yamesambaa. Mzazi mmoja alikuta daftari la mwanawe limejaa neno Roma, Roma, Roma, akaenda kwa mkuu wa shule kulalamika kwamba mwalimu Mroma anawafundisha watoto wa Kiislamu Uroma. Mkuu wa shule, mtu mwoga, akamwita Tekla akamtaka alete maandalio yake ya masomo. Tekla alirudi akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilijua si kweli, kwani nilimsikia kwa masikio yangu akifundisha, lakini nilijiambia kwamba moshi huu una moto wake, ila watu wameutafuta mahali pasipo penyewe. Kwangu jambo lilikuwa jikoni. Kila alasiri Tekla alikuwa akienda kumkunia Bi Hawa nazi, na nilipokaribia, mazungumzo yalikatika na nikasikia mbuzi ya nazi peke yake. Mara moja nilivua viatu. Nilisimama nyuma ya ukuta wa ua na nikasikia hivi.

"Rudia tena lile la mtumwa," alisema Bi Hawa.

"Mrumi akimwacha huru mtumwa wake kwa taratibu zao, Bibi, yule mtumwa naye anakuwa Mrumi. Vyeo vikubwa hapewi. Lakini Mrumi."

"Na mtoto wake?"

"Mtoto wake ni Mrumi kamili. Anaweza kuwa lolote."

"Haulizwi?"

"Hakuna sheria ya kumuuliza. Watu wabaya walimsema chinichini, hao hawakosekani."

Kisha Bi Hawa akasema, "Hata huko." Na mbuzi ya nazi ikaendelea.

Mtu mwingine angesikia hapo bibi mzee na uchungu wake. Mimi nilisikia msichana wa bara anamchimba mwenye nyumba. Siku chache kabla, Tekla alinieleza mwenyewe, tukiwa tunapiga pasi, kwamba katika ukoo wao kuna dada wa bibi yake aliyechukuliwa utotoni na misafara ya watumwa iliyokuwa ikishuka Kivinje, na kwamba bibi yake mpaka anakufa alimtengea chakula kidogo pembeni ya chungu. "Nikiwa hapa naangalia nyuso," alisema. Nikaunganisha mambo yangu. Bi Hawa hana mtoto. Nyumba ni kubwa. Msichana anatafuta jamaa Kivinje, na amepata bibi anayeuliza habari za watumwa. Kesho atasema yeye ndiye jamaa, na kesho kutwa nyumba ina wenyewe wengine. Nilijiona nina akili sana. Na niseme na lile lingine, maana nikilinyamazia nitakuwa nawadanganya: Athumani, mtoto wa kaka yake Bi Hawa, karani wa ghala la korosho, alikuwa akija kila siku baada ya sala ya alasiri kumwamkia shangazi yake, na alikuwa ameanza kukaa barazani muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa shikamoo. Hakuwa anamngojea Tekla. Nyumba ile, nilivyoihesabu moyoni, ilikuwa na mrithi, na mrithi alikuwa akinitazama mimi.

Jumapili moja Tekla alikwenda kanisani na Bi Hawa alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Nililifungua sanduku. Bikira Maria akanitazama kutoka kwenye kifuniko na mimi nikamtazama, kisha nikaendelea. Daftari la Warumi lilikuwa chini ya nguo. Kurasa za mbele zilikuwa maandiko ya Tekla, ya shule, pamoja na maswali pembeni: nani anaamua mtu ni nani, yeye au jirani? Lakini kwenye ukurasa wa nyuma kabisa mwandiko ulibadilika. Yalikuwa maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yamewekewa irabu zake zote kwa uangalifu, mkono wa mtu aliyefundishwa zamani na asiyeandika mara kwa mara. Ulikuwa mkono wa Bi Hawa. Tekla herufi zile hakuzijua hata moja. Mimi nilizijua tangu nikiwa na miaka sita. Nilielewa baadaye kwa nini yule bibi alichagua njia hiyo. Jina lililoandikwa pale hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba hii, mdomo ulimkatalia, mkono ukakubali. Na alimkabidhi mtu asiyeweza kulisoma ili aende akasomewe mbali, kwao huko, wakati wa likizo. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kwamba chumbani kulikuwa na mimi.

Nilisoma mara tatu. Kulikuwa na jina la mwanamke, jina la kijiji, na maneno aliyoyaacha. Nilichoelewa ni kile tu nilichokwenda kutafuta: kwamba bibi mzaa baba wa Bi Hawa, mama wa ukoo huu wa Kishirazi, aliletwa hapa mtoto kutoka bara na akauzwa. Kwa sisi watu wa pwani kila kilichoko nyuma ya minazi ni bara, na watu wa bara wote ni wamoja. Nikasema, tayari, nimempata Tekla.

Kesho yake nilimweleza Athumani barazani. Nilizungumza kwa kunong'ona, kwa wema mwingi, kama mtu anayeokoa watu. Alinisikiliza bila kunikatiza, na rangi yake ya uso ikawa ya majivu. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza tu, "Nani mwingine amesoma?" Nikamwambia hakuna. "Basi iishie hapo." Aliingia chumbani kwetu nikiwa nimesimama mlangoni, Tekla akiwa bado shuleni, akalitoa daftari, akaenda nalo jikoni. Bi Hawa alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Athumani aliliweka daftari kati ya mafiga matatu na kulisukuma kwa kijiti mpaka likashika. Nilimwona Bi Hawa akilitazama, ungo mapajani, vidole vyake vikiendelea kuchambua, kutoa mawe na kuyatupa, kutoa na kutupa, mpaka daftari likaisha. Nimeona misiba mingi tangu wakati ule, ukiwemo huu wangu. Sijaona uso kama ule.

Lile la wazazi na Uroma likawa kisingizio kizuri. Barua ikaandikwa, Athumani akatia sahihi pamoja na wengine, na kabla ya muhula kwisha Tekla akapewa uhamisho kwenda shule ya mbali. Alifunga sanduku lake bila kujua lolote zaidi ya kwamba daftari limepotea. Alilitafuta hadi chini ya godoro langu, na mimi nikamsaidia kutafuta. Tulipoagana alinikumbatia. "Zuhura, mwangalie Bibi." Bi Hawa alimsindikiza mpaka mlangoni na hakuvuka kizingiti. Tangu siku hiyo aliacha sheria ya sinia. Kila mmoja akala kwenye sahani yake. Mlango wa mbele haukupakwa tena mafuta. Nilipoolewa na Athumani mwisho wa mwaka alinipamba kwa mikono yake, akaniimbia, hakunipunguzia kitu. Mara moja tu, siku chache kabla ya kifo chake, nikiwa namnywesha uji, alinishika kifundo cha mkono. "Wewe Zuhura unazijua herufi zetu, sivyo?" Nikamjibu ndiyo, Bibi. Alinitazama kwa muda mrefu. "Haya," akasema, akafungua kinywa kupokea kijiko. Kwa miaka mingi nilikaa na hofu kwamba alikuwa ananishtaki.

Sasa Tekla huyu hapa mkekani, anakunywa chai ya mdalasini, ananiuliza habari za watoto. Nilimjibu mafupi mafupi, nikingoja. Alikuwa amesikia msiba kwenye kundi la simu la walimu wastaafu, akapanda gari mpaka Nangurukuru, akachukua bajaji. Wajukuu wake tisa. Magoti yake. Kisha akaweka kikombe chini, nikasema moyoni, sasa linakuja.

"Kuna jambo nataka kukuuliza, na kama msiba haukuruhusu uniambie. Unakumbuka lile daftari langu?"

"La Warumi."

"La Warumi. Nyuma kulikuwa na ukurasa Bibi aliniandikia kwa Kiarabu. Sikuwahi kusomewa. Nimekuwa nikiamini siku zote kwamba marehemu aliingia chumbani akalichukua. Sikumchukia, nisikudanganye, tumezeeka. Lakini nilidhani pengine hakulitupa. Pengine aliliweka mahali. Pengine kwenye karatasi zake."

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi. Marehemu hawezi kukanusha. Ningesema, aliliunguza, Mungu amrehemu, na Tekla angeondoka na pole yake, na jambo lingekwisha. Nilimtazama machoni kuona kama ananitega, maana hilo ndilo lililonijia kwanza: anajua, amekuja kunipima. Nilitafuta hila kwenye ule uso wa bibi kizee aliyesafiri na magoti mabovu, nikatafuta tena, na sikuiona. Nilijisikia nimechoka. Miaka yote hii namlinda nani, na dhidi ya nani?

"Aliliunguza," nilisema. "Lakini mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilifungua sanduku lako, Tekla. Nilisoma."

Ile mikono iliyonishika alipoingia aliikusanya, akaiweka mapajani kwake. Nje watoto walikuwa wanapita na kelele za kutoka shule. Nilifikiri atainuka. Nilifikiri hata atanipiga kwa ile fimbo, na nisingeikwepa.

"Unakumbuka?" alisema.

"Kila neno."

"Sema."

Sijawahi kulitamka. Hata peke yangu, hata kwenye sala. Nililitamka ukumbini hapa, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine: "Mimi Hawa nasema kweli. Mama wa baba yangu hakuvuka bahari. Aliitwa Nandenga, mtu wa Kilangala, baba yake mfua chuma. Aliletwa Kivinje akiwa hajaota meno ya ukubwa, akanunuliwa na nyumba hii, akamzaa baba yangu. Alituambia kabla ya kufa: siku kwetu wakinitafuta, waambieni nilizaa."

Tekla alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, lakini kichwa alikuwa anakitikisa.

"Kilangala?"

"Kilangala."

"Zuhura. Mimi ni mtu wa Nyangamara."

"Si huko huko?"

"Si huko huko hata kidogo. Na wetu hakuwa Nandenga, wala sisi hatukuwa na mfua chuma." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Hakuwa wa kwetu. Bibi alijua si wa kwetu. Alitaka tu mtu wa kuupeleka ujumbe huko kwa wenyewe."

Na nitaandika hili ingawa linanifedhehesha: kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu kilikuwa nafuu. Tekla hana dai. Hajawahi kuwa nalo. Nyumba ni yangu na wanangu, jina lao mjini ni lile lile, na siri imerudi mahali pake, kwa vikongwe wawili ambao hawatakaa muda mrefu. Nafuu ile ilidumu kama pumzi mbili. Halafu nikawaona watu wa Kilangala ambao sijawahi kuwaona, wajukuu na vitukuu wa mfua chuma, na mtu mmoja miongoni mwao akitenga chakula pembeni ya chungu bila kujua tena ni cha nani. Nilikuwa nimemshuku Tekla, nikamdhulumu. Lakini ujumbe wenyewe niliwanyima watu ambao hata kuwashuku sikuwahi kuwaza. Nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Athumani afe, na Tekla akanisogezea bega lake, bila kusema amenisamehe, kwa sababu hakuwa amenisamehe.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyetukuta hivyo. Ni muuguzi, amechukua likizo ya msiba anihudumie, na ameandikwa mahali pote, tangu cheti cha kuzaliwa, kwa lile jina refu la ukoo wa baba yake analojivunia. Alikuja na sinia la maandazi, akasimama kizingitini mwa ukumbi. "Shikamoo, mama mkubwa," akamwamkia Tekla, na Tekla akaitika marahaba. Kisha akanitazama mimi. "Mama, nilikuwa jikoni nawasikia. Nandenga ni nani?"

Tekla aliinamisha uso akatazama mkeka. Alikuwa ameniachia mimi, na nilijua akiulizwa na yeye atasema ni mtu wa zamani tu, mwanangu, tunakumbushana.

"Weka sinia chini, ukae," nilimwambia. "Ni mama wa babu wa baba yako. Kwao Kilangala. Eda ikiisha mimi na wewe tunakwenda kuwaambia alizaa."